Namba za kwenye dumu la oili: gari la kasi linataka nini, lori linataka nini

Kwenye kaunta za maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kuna kipimo cha oili ambacho hakimo katika kitabu chochote cha uhandisi. Muuzaji hufungua dumu, huchovya kidole cha shahada, hukibana na kidole gumba, kisha huvitenganisha polepole mbele ya macho ya mteja. Uzi wa oili ukinyooka mrefu kabla ya kukatika, oili imefaulu: "Hii nzito, mzee wangu, injini haitakusumbua." Uzi ukikatika mapema, dumu hurudishwa rafuni na oili yake huitwa maji.

Wanaokiamini kipimo hicho walipata hoja mpya Aprili 2025, pale General Motors ya Marekani ilipotangaza kuyaita magari yake karibu laki sita nchini humo yarudishwe kukaguliwa, yakiwemo Chevrolet Silverado, GMC Sierra, Chevrolet Tahoe na Cadillac Escalade ya kati ya mwaka 2021 na 2024, yenye injini ya V8 ya lita 6.2. Kasoro iliyotajwa ilikuwa ya kiwandani, kwenye krenkshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) na konrodi (fimbo zinazouunganisha mhimili huo na pistoni). Injini zilizokutwa mbovu zilipangiwa kutengenezwa au kubadilishwa, na zile zilizofaulu ukaguzi ziliagizwa zimwagwe oili ya 0W-20 na kujazwa 0W-40, ambayo ni nzito zaidi. Msomaji wa haraka hubaki na sentensi moja tu kichwani: kumbe oili nyepesi ndiyo inayoua injini.

Hitimisho hilo lina punje ya ukweli ndani ya gunia la makosa, na ili tuitoe punje hiyo ni lazima tuanze na neno "uzito" lenyewe. Tunaposema oili nzito hatumaanishi kilo. Oili ya 20W-50 na oili ya 0W-20 zote huelea juu ya maji, kwa hiyo kwa mizani maji ni mazito kuliko zote mbili. Tunachokisema ni mnato, yaani ule ukaidi wa kimiminika kutiririka: uji una mnato mkubwa kuliko chai ya rangi, na asali inaushinda uji. Katika makala haya, oili ni mafuta ya kulainisha injini, na kila nitakaposema nzito au nyepesi nitakuwa nikizungumzia mnato.

Sasa mnato una tabia moja ambayo kipimo cha vidole hakiioni: hubadilika sana kwa joto. Chupa ya mafuta ya nazi inayotiririka vizuri Tanga mchana ikifikishwa Njombe huamka asubuhi ya Julai imeganda mpaka itolewe kwa kijiko, ilhali ni mafuta yaleyale. Oili ya injini haigandi kwa baridi ya kwetu, lakini inakwenda njia hiyohiyo. Oili ya kawaida ya 15W-40 ikiwa na nyuzi joto 40 huwa na mnato wa takriban mara saba ya ule inaokuwa nao ikifika nyuzi joto 100, ambalo ndilo joto la kazi ndani ya injini. Muuzaji anayeivuta oili kwa vidole vyake, katika duka lenye joto la nyuzi 30, anapima hali ambayo injini huiacha dakika chache tu baada ya kuwashwa.

Namba mbili zilizoandikwa kwenye dumu zimewekwa kwa sababu hiyo hasa. Zinatokana na kanuni ya SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi. Herufi hiyo imetoka katika neno la Kiingereza la majira ya baridi kali, wala haihusiani na uzito kama wengi wanavyodhani. Oili ya 0W hupimwa ikiwa nyuzi 35 chini ya sifuri, ya 5W nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 15W nyuzi 20 chini ya sifuri, kuona kama injini itaweza kuzunguka inapopigwa stata. Namba ya pili inaeleza mnato wa oili ikiwa na nyuzi joto 100, na kila namba ni jina la ngazi yenye mipaka yake: ngazi ya 20 huanzia 6.9 na kuishia 9.3 kwa kipimo cha mnato kiitwacho sentistoksi, ya 30 huishia 12.5, ya 40 huishia 16.3, na ya 50 huishia 21.9. Kuna pia kipimo cha nyuzi joto 150, ambapo oili husagwa kwa kasi kubwa katika nafasi finyu ili ionekane kama itaendelea kutenganisha vyuma.

Ukiishika tofauti hiyo, mambo mengi hufunguka. Oili ya 0W-40 na ya 15W-40 zikishapata moto ziko ngazi moja. Kwenye vidole, ya kwanza huonekana maji na ya pili huonekana mali, na ndiyo maana kipimo cha kaunta huikataa oili ambayo kwenye mkoba wa mwenye gari la kasi ingekuwa ndiyo ghali kuliko zote.

Hoja ya "nchi yetu ni ya joto" nayo hupungua nguvu. Injini ina thamostati inayoyaweka maji ya rejeta karibu na nyuzi 90, iwe gari liko Dar es Salaam kwenye jua la nyuzi 33 au Limuru kwenye ukungu wa nyuzi 10. Hali ya hewa haikosi athari kabisa, hasa pale rejeta inapozidiwa, lakini si yenyewe inayoamua joto la oili. Kinachoamua ni kazi ambayo injini inafanyishwa. Kwa upande mwingine, sioni sababu ya mtu wa Pwani kulipia 0W ikiwa kitabu cha gari lake kinamruhusu kutumia 15W, kwa kuwa baridi ambayo 0W ilitengenezewa hataiona maishani mwake asipopanda ndege.

Kazi hiyo ya injini ndiyo kiini cha suala lote. Krenkshafti inazunguka ndani ya beringi zake ikiwa na nafasi ya sehemu chache za mia za milimita, yaani finyu kuliko unywele. Katika nafasi hiyo chuma hakitakiwi kugusa chuma. Kinachotokea ni sawa na gari linaloingia kwa kasi kwenye barabara iliyotuama maji: tairi hukanyaga maji kwa haraka kuliko yanavyoweza kukimbia, na gari zima huelea. Barabarani hiyo ni hatari. Ndani ya injini ndiyo uhai wake, kwa sababu krenkshafti huelea juu ya utando wa oili. Unene wa utando huo huamuliwa na mambo matatu. Mnato ukiongezeka, utando hunenepa. Mzunguko ukiwa wa kasi, utando hunenepa. Mzigo ukizidi, utando hukonda.

Tukiwa na mambo hayo matatu, tunaweza kuona kwa nini lori na gari la kasi huweza kuhitaji namba inayofanana huku kila moja likiwa na sababu yake. Chukua trela iliyobeba shehena kutoka bandarini Dar es Salaam inapopanda mlima Kitonga, mkoani Iringa. Dereva ameshuka gia, injini inazunguka polepole, na kila pistoni inasukumwa chini kwa nguvu kubwa. Mzunguko ni mdogo na mzigo ni mkubwa, kwa hiyo mambo mawili kati ya matatu yanaukondesha utando, na linalobaki kuuokoa ni mnato. Gari la kasi lina tatizo la upande wa pili: injini yake inazunguka mara 6,000 au 7,000 kwa dakika, kwa hiyo kasi inausaidia utando, lakini joto la oili linaweza kupanda mpaka nyuzi 130 na kuendelea, na mnato ukayeyuka kama samli kwenye kikaango.

Kwa nini basi tusiweke oili nzito kila mahali tukalala usingizi? Kwa sababu mnato hauji bure. Oili nzito huchelewa kufika kwenye valvu na turbo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini) sekunde za kwanza baada ya kuwasha; hula nguvu ya injini, hivyo mafuta ya tanki hutumika zaidi; na kule kusuguana kwenyewe ndani ya oili huzaa joto. Injini za kisasa hutumia presha ya oili pia kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, kwa kupitia vijitundu vidogo ambavyo vimekadiriwa kwa oili ya mnato fulani. Magari madogo kutoka Japani, ambayo mara nyingi kifuniko chake cha oili kimeandikwa 0W-20, yalitengenezwa hivyo kwa makusudi, pampu na beringi zake zikilinganishwa na oili hiyo. Kuyamwagia 20W-50 kwa sababu kitabu chake ni cha Kijapani na hakuna aliyekisoma ni kulivalisha gari viatu vya mtu mwingine.

Hebu tuingie kwenye magari ya kasi. Mfano unaonifaa zaidi ni wa Ford. Mustang GT ya mwaka 2012, yenye V8 ya lita 5.0, iliagizwa kutumia 5W-20. Mwaka huohuo kampuni iliuza Mustang Boss 302, yenye injini ya ukoo huohuo iliyoandaliwa kwa ajili ya uwanja wa mbio, na hiyo ikaagizwa 5W-50. Jina la gari halikuwa ndilo sababu. Gari la barabarani hukanyagwa kwa sekunde chache kisha likakutana na taa nyekundu. La uwanjani hukanyagwa kwa dakika nyingi mfululizo, na joto halipati nafasi ya kushuka. BMW nayo iliziagizia injini za M3 za miaka ya 2000 oili ya 10W-60. Corvette ya mwaka 2019 ilihamishwa kutoka 5W-30 kwenda 0W-40, ikawa na namba ileile ambayo miaka sita baadaye ilipelekwa kwenye Silverado na Escalade.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kijana mwenye Subaru ya turbo haliko kwenye kiwango cha farasi wa injini yake. Swali ni anapoipeleka. Subaru inayotumia saa mbili kila jioni kwenye foleni ya Mombasa Road jijini Nairobi, hata ikiwa na bomba la ekzosi linaloamsha mtaa mzima, ni gari la foleni, na oili iliyo kitabuni inaitosha. Ikiwa imeongezwa presha ya turbo, au mwenyewe anashindana kwenye autokrosi wikiendi, kupanda ngazi moja, kutoka 30 kwenda 40, ni jambo ambalo mafundi makini huliafiki. Kuruka moja kwa moja hadi 60 kwa sababu namba inavutia ni jambo lingine.

Turbo yenyewe inastahili maneno mawili zaidi. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, upande mmoja ukichomwa na moshi wa ekzosi, na hushikiliwa na utando uleule wa oili. Ukitoka kwenye mwendo mkali ukazima gari ghafla, oili iliyobaki ndani ya turbo huacha kutembea na huungua ikawa masizi magumu. Dakika moja ya mwendo wa pole kabla ya kuzima huokoa mengi kuliko chupa yoyote ya dawa ya kuongeza kwenye oili. Dawa hizo sizipendekezi, kwa sababu mtengenezaji wa oili alishaweka kemikali zake kwa vipimo, na kuongeza nyingine ni kutia chumvi kwenye mchuzi ulioungwa na mwenzako.

Mpaka hapa tumezungumzia mnato tu, na wanunuzi wengi huishia hapo, ilhali kuna maandishi mengine kwenye dumu yenye uzito sawa. Ni herufi za API, taasisi ya petroli ya Marekani: zile zinazoanza na S ni za injini za petroli, kama SN ya mwaka 2010 na SP ya mwaka 2020, na zile zinazoanza na C ni za dizeli, kama CI-4 ya mwaka 2002 na CK-4 iliyoanza mwishoni mwa 2016. Herufi ya pili ikisonga mbele katika alfabeti, kiwango ni kipya zaidi. Namba 4 haimaanishi daraja la nne; inaonyesha injini ya mipigo minne. Mnato ni kama saizi ya shati, na herufi hizi ni kama aina ya kitambaa: shati linaweza kukutosha barabara na bado likachanika siku ya kwanza.

Kitambaa cha lori hufumwa tofauti kwa sababu adui wa lori ni masizi. Injini ya dizeli huzalisha masizi kila inapochoma, na sehemu yake huteleza kando ya ringi za pistoni hadi kwenye oili. Oili ya dizeli imewekewa kemikali za kuyakumbatia masizi punje kwa punje ili yasishikamane na kuwa kokoto, pamoja na akiba ya alkali ya kuua asidi inayotokana na salfa na moto wenyewe. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu 2015, vinataka salfa ya dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni, jambo lililoipunguzia oili mzigo mkubwa. Hata hivyo lori linalovuka mipaka mingi huweza kujaza tanki mahali ambapo kiwango ni kingine.

Hapa ndipo panapokufa ile imani kwamba oili ikiwa nyeusi imekwisha. Kwenye dizeli, oili mpya inaweza kuwa nyeusi kabla hata lori halijafika Chalinze, na weusi huo ni ushahidi kwamba imefanya kazi ya kuyabeba masizi. Ile inayobaki ya dhahabu baada ya maelfu ya kilomita kwenye injini kongwe ya dizeli ingenitia wasiwasi zaidi, kwani lazima nijiulize masizi yamebaki wapi.

Kosa kubwa zaidi la malori, kwa maoni yangu, ni kuhesabu kilomita peke yake. Trela inayosubiri kuvuka Tunduma inaweza kukaa foleni siku kadhaa, ikiwashwa kusogea hatua chache, ikiachwa inaunguruma usiku. Kilomita hazisogei, lakini injini inayounguruma bila mzigo huchoma vibaya, hutoa masizi, na dizeli isiyoungua huvuja ndani ya oili na kuifanya nyepesi. Injini kubwa ya trela huweza kubeba lita 30 hadi 40 za oili, kwa hiyo naelewa maumivu ya tajiri anapoambiwa amwage mapema. Lakini dashibodi nyingi za malori huonyesha saa za injini, na saa hizo ndizo zinazosema kweli.

Je, dumu la lori laweza kutumika kwenye gari la kasi, kama wanavyofanya baadhi kwa sababu oili ya lori "ina nguvu"? Kwa injini za zamani za petroli madhara yake si makubwa, na zipo ambazo hunufaika na zinki nyingi iliyomo, inayopunguza kulika kwa vyuma. Kwa injini za kisasa za turbo zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hapana. Iligundulika kwamba kemikali za kalsiamu za kusafishia injini, ambazo oili ya lori huwa nazo kwa wingi, huchangia mchanganyiko kuwaka kabla ya wakati injini inapovuta ikiwa na mzunguko mdogo, na mlipuko mmoja wa namna hiyo unatosha kupasua pistoni. SP iliandaliwa kupambana na tatizo hilo. Fosforasi inayoambatana na zinki nayo hudhuru kifaa cha kusafishia moshi kwenye ekzosi. Kinyume chake ni hatari vilevile: oili ya petroli pekee kwenye lori huzidiwa na masizi mapema. Madumu yaliyoandikwa herufi za pande zote mbili yapo na ni halali, mradi herufi za upande wako zifikie kiwango kinachotakiwa na kitabu. CF-4 bado hupatikana madukani ingawa ilianza mwaka 1990 na API ilishaitangaza kuwa imepitwa na wakati.

Neno "sinthetiki" nalo lisikutishe wala kukulewesha. Ni oili ambayo msingi wake umetengenezwa au kusafishwa kwa kina zaidi, hivyo hustahimili joto na huchelewa kuharibika. Haibomoi gasketi za gari kuukuu. Inachofanya wakati mwingine ni kuosha uchafu uliokuwa umeziba ufa uliokuwepo siku zote. Tena neno hilo halisemi lolote kuhusu mnato, kwani ipo sinthetiki ya 0W-16 na ipo ya 10W-60. Na oili za mashindano halisi, zinazomwagwa baada ya mbio, mara nyingi hazina kemikali za kutosha za kusafisha, hivyo si za kukaa miezi sita kwenye gari la kwenda kazini.

Yote haya huwa bure ikiwa kilichomo si kilichoandikwa. Dumu zuri tupu lina bei mtaani, na linanunuliwa kwa sababu moja tu. Likate kabla hujalitupa.

Turudi kwenye zile V8 za lita 6.2. Oili ya 0W-20 haikutajwa kuwa ndiyo iliyoziua. Kilichoziua ni vyuma visivyokaa sawa, na utando mnene zaidi uliongezwa ili kuvipa nafasi ya ziada ya kutogusana. Ndiyo ile punje ya ukweli: mnato mkubwa huongeza akiba pale palipo na mzigo, joto au kasoro, na mtengenezaji mwenyewe ndiye aliyeiongeza, kwa ngazi aliyoijua. Pamoja na oili na filta mpya, wenye magari hayo walipewa pia kifuniko kipya cha kujazia oili na karatasi ya kuingiza kwenye kitabu cha gari. Atakayenunua moja ya magari hayo likiwa limetumika, popote lilipofika, na aanzie kwenye kifuniko hicho: kikiwa bado kimeandikwa 0W-20, aulize kama gari hilo lilipelekwa kukaguliwa kabla hajauliza bei.